Mvua, udongo na kidakio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari ya maji ardhini

Maswali haya huulizwa na wakulima, wanafunzi, wachimba visima na watu wanaoishi kando ya mito. Karibu yote hurudi kwenye ile mita moja ya juu ya udongo. Hapo ndipo inapoamuliwa kama tone la mvua litakuwa mafuriko, zao au chemchemi. Kwa hiyo usishangae ukiuliza kuhusu mto ukajibiwa habari za udongo.

Milimita moja ya mvua ni maji kiasi gani?

Ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo milimita moja tu ni lita 10,000, na mvua ya milimita 30 inamwaga lita 300,000 kwenye hekta hiyohiyo. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 linapokea lita 2,000, ingawa sehemu ya kumi au hata ya tano hupotea kwa kuruka nje ya mfereji, kulowesha paa na kukauka.

Jizoeze kuifanya hesabu hii. Mara nyingi anayelalamika kwamba shamba lake halipati maji ameyapata, tena kwa mamia ya maelfu ya lita, ila hayakukaa.

Kipima mvua kiwekwe wapi?

Mahali pa wazi. Kama kuna mti au ukuta, kiwe mbali nao kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Kisomwe saa ileile kila asubuhi, jicho likiwa sawa na uso wa maji. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Ukiacha nafasi tupu daftarini, baadaye hutajua kama siku hiyo ilikuwa kavu au ulisahau kusoma.

Kwa nini mvua ya milimita 40 safari hii imezama yote, na safari nyingine imeleta mafuriko?

Kwa sababu ardhi haiangalii tu mvua imenyesha kiasi gani. Inaangalia imenyesha kwa kasi gani, na imeukuta udongo katika hali gani.

Tuanze na kasi. Kila udongo una kiwango chake cha kunywa maji, na kiwango hicho hupimwa kwa milimita kwa saa. Ukishalowa vizuri, udongo wa mfinyanzi hupokea takriban milimita 1 hadi 5 kwa saa, tifutifu 10 hadi 20, na wa kichanga unaweza kukaribia 30 au kupita. Milimita 40 zikinyesha taratibu kwa saa nane, ni milimita 5 kwa saa, na hata ardhi nzito inajitahidi kuzimeza. Zikimwagika kwa nusu saa, ni kasi ya milimita 80 kwa saa. Hapo maji yanayozidi hayana pa kwenda isipokuwa kuteremka. Mtaalamu wa Marekani Robert Horton alilieleza jambo hili kwa utaratibu mwaka 1933, na mpaka leo ndiyo njia ya kwanza ya kuelewa mtiririko wa juu ya ardhi.

Lakini ipo njia ya pili, na watu wengi hawaijui. Udongo unaweza kuwa mzuri, wenye majani na mizizi, uwezo wake wa kunywa ukazidi mvua yoyote ya kawaida, na bado maji yakatiririka. Ni kwamba umeshajaa. Sehemu za chini za mteremko, kando ya vijito na kwenye mabonde yenye unyevu, hupokea maji yanayoshuka polepole ndani ya ardhi kutoka juu. Mvua inapoendelea, maeneo haya yaliyojaa hupanuka na kupanda mteremko, na kila tone linaloangukia hapo huenda moja kwa moja mtoni. Ndiyo maana mvua ndogo ya mwisho wa msimu inaweza kufurisha mto kuliko mvua kubwa ya mwanzo wa msimu. Anayetaka kukisia mafuriko asiulize tu kesho itanyesha kiasi gani. Aulize pia wiki mbili zilizopita zilikuwaje.

Matone yenyewe yana madhara?

Yana madhara makubwa. Tone kubwa hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likigonga udongo mtupu, huvunja mabonge madogo na kurusha chembe huku na huku. Zile laini kabisa huingia kwenye vitundu na kuviziba. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, nenda kwenye kipande kisicho na majani, kiache kikauke, kisha inua udongo wa juu kwa ncha ya kisu. Utaona gamba jembamba, gumu, lenye milimita chache tu, na chini yake udongo ambao huenda ni mkavu kabisa. Gamba hilo linatosha kuligeuza shamba zuri kuwa kama sakafu. Inua majani makavu palipo na matandazo, hatua mbili kutoka hapo, na gamba hulikuti.

Udongo unashikaje maji wakati dunia inayavuta chini?

Ndani ya udongo, karibu nusu ya nafasi ni vitundu. Kwenye vitundu vikubwa maji hupita kwa uzito wake na kushuka. Kwenye vidogo, maji hung'ang'ania kuta za chembe kwa nguvu inayoshinda uzito huo, na kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo nguvu inavyozidi.

Mvua kubwa inapokatika, udongo ukiwa umejaa, vitundu vikubwa huanza kujimwaga. Baada ya siku moja hadi tatu hivi, kushuka huko hupungua sana. Maji yanayobaki ndiyo kipimo cha juu ambacho udongo unaweza kushikilia bila kuvuja, yaani kikomo cha kushika maji. Kutoka hapo ni mizizi na jua ndivyo vinavyopunguza. Mmea hunywa kwa urahisi mwanzoni, kisha kwa shida, hadi unafika mahali ambapo udongo unayashika maji yaliyosalia kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Wataalamu huweka mstari huo kwenye mvutano wa kilopaskali 1,500 (kilopaskali ni kipimo cha mgandamizo au mvutano). Mmea ukinyauka hapo, haurudi hata usiku ukiingia na baridi, mpaka umwagiliwe.

Maji yaliyo kati ya vikomo hivyo viwili ndiyo akiba ya mmea. Kwa kila mita moja ya kina, udongo wa kichanga huweka takriban milimita 25 hadi 100, tifutifu 100 hadi 175, na mfinyanzi 175 hadi 250.

Chukua mfano wa tifutifu unaoshika milimita 150 kwa mita, mizizi ikiwa imefika sentimita 60. Akiba ni milimita 90. Kwa mazao mengi si vyema kungoja iishe. Nusu ikishatumika, yaani milimita 45, ni wakati wa kumwagilia. Zao likitumia milimita 5 kwa siku, hizo ni siku tisa. Weka zao hilohilo kwenye mchanga unaoshika milimita 60 kwa mita: akiba ni milimita 36, nusu yake ni 18, na siku ya nne mmea tayari una shida. Anayepanga zamu za kumwagilia bila kujua udongo wake anabahatisha, hata akiwa na pampu bora kuliko zote.

Mbona udongo wa mfinyanzi una unyevu nikiushika, lakini mimea imenyauka?

Kwa sababu mfinyanzi hubaki na maji mengi hata mmea ukiwa umeshindwa. Chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, na vitundu vyake vingi ni vyembamba mno. Sehemu kubwa ya maji hayo haitoki kwa nguvu za mizizi. Mkono wako unahisi unyevu wote uliomo. Mzizi unapata ule tu unaoweza kuuvuta.

Na ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi?

Una tabia mbili kinyume. Mvua ya kwanza huingia kwa wingi kupitia nyufa, tena mpaka chini kabisa. Kisha udongo huvimba, nyufa hujifunga, na kuanzia hapo haupokei karibu chochote. Usiupime siku una nyufa ukaamini namba hiyo kwa msimu mzima.

Nitajuaje udongo wangu ni wa aina gani bila maabara?

Chukua konzi moja, toa mawe na mizizi, ulowanishe kidogokidogo huku ukiukanda hadi uwe laini. Ukikataa kushikamana na kukwaruza vidoleni, mchanga umetawala. Ukiweza kufinyanga tonge lakini ukiuvuta kuwa utepe kati ya kidole gumba na cha shahada unakatika mapema, una tifutifu au kitu cha karibu nacho. Utepe ukirefuka sentimita 5 au zaidi, unang'aa na kunata, ni mfinyanzi. Rudia kwa udongo wa sentimita 30 na wa 60 chini, kwani wa juu peke yake hudanganya. Tabaka la mfinyanzi au ardhi iliyoshindiliwa na matrekta chini ya udongo mwepesi hubadilisha kila kitu.

Naweza kupima kasi ya kunywa maji mwenyewe?

Ndiyo, na ningependa kila mwenye shamba alifanye zoezi hili. Tafuta kipande cha bomba au kopo lisilo na kitako wala mfuniko, lenye kipenyo cha sentimita 15. Likandamize ardhini sentimita 5 bila kulitikisa, ukate majani kwa mkasi badala ya kuyang'oa. Tandika plastiki ndani, mimina mililita 440 za maji, kisha vuta plastiki polepole ili maji yasichimbe udongo. Kiasi hicho ni sawa na milimita 25 za mvua. Angalia saa mpaka uso wa udongo uache kung'aa.

Mara ya kwanza maji huzama upesi kwa kuwa udongo una kiu. Mimina tena kiasi kilekile, na muda wa safari hii ya pili ndio wa kuandika. Zikitumika dakika 30, kasi ni milimita 50 kwa saa. Pima njiani mifugo inapopita, pima katikati ya shamba, pima chini ya mti. Kopo moja la bati litakuonyesha tofauti ambazo macho hayakuwahi kuziona.

Jambo dogo la kuangalia: matone yakisimama juu ya udongo mkavu kama vile umepakwa nta, udongo huo unakataa maji. Hutokea hasa baada ya moto au ukame mrefu, kwa sababu ya mabaki ya mimea yanayofunika chembe. Ukilowa taratibu hurudi hali yake.

Kidakio ni nini, na mipaka yake naionaje?

Ni eneo lote la ardhi ambalo maji yake huteremkia sehemu moja: kijito, bwawa au mdomo wa mto. Mpaka wake ni mgongo wa vilima unaolizunguka. Tone likianguka upande huu wa mgongo linakuja kwako, likianguka upande ule linakwenda kwa wengine.

Kwenye ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, weka alama pale unapotaka kupima mto. Kutoka hapo panda kila upande ukikata kontua kwa pembe mraba, ukifuata migongo, hadi mistari miwili ikutane juu. Ndani ya duara hilo ndimo kidakio chako kilimo. Vidakio vidogo hukaa ndani ya vikubwa, mpaka unafika bonde zima la mto.

Tahadhari moja: maji ya chini ya ardhi hayafuati mipaka hiyo kila mara. Penye miamba ya chokaa yenye mapango, maji yanaweza kupita chini ya mlima na kuibukia bonde la jirani.

Mto unapata wapi maji wakati hakuna mvua?

Swali hili liliwasumbua watu kwa karne nyingi. Wengi waliamini kwamba mvua haitoshi kulisha mito, na kwamba bahari huipandishia maji kwa njia za siri ardhini. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alichapisha hesabu zake za sehemu ya juu ya mto Seine. Alilinganisha mvua iliyoanguka kwenye eneo hilo na maji yaliyopita mtoni, akakuta mvua ilikuwa karibu mara sita ya mtiririko. Mvua ilitosha, tena ilibaki.

Basi ile inayotiririka siku kavu ni mvua ya zamani. Iliingia ardhini wiki, miezi au miaka iliyopita, ikashuka hadi kwenye tabaka ambalo vitundu vyote vimejaa maji, na sasa inasogea polepole kuelekea sehemu za chini. Henry Darcy, mhandisi aliyelipatia jiji la Dijon maji, alionyesha mwaka 1856 kwa mabomba yaliyojazwa mchanga kwamba kasi ya maji hutegemea vitu viwili: tofauti ya kimo cha maji kwa urefu wa njia, na urahisi wa udongo wenyewe kupitisha. Mara nyingi mwendo huo ni kati ya sentimita chache na mita chache kwa siku. Uzito huo wa mwendo ndio unaoufanya mto usikauke.

La kushangaza zaidi lilijulikana wanasayansi walipoanza kufuatilia maji kwa aizotopu za oksijeni na haidrojeni, yaani atomi za aina moja zinazotofautiana kwa uzito. Katika vidakio vingi vya maeneo yenye unyevu, hata wakati wa mafuriko, zaidi ya nusu ya maji yanayopita mtoni si ya mvua inayonyesha saa hiyo. Ni maji yaliyokuwamo ardhini tayari, yakasukumwa nje na mapya.

Je, miti huleta maji au huyanywa?

Huyanywa, na anayetaka kutunza vyanzo vya maji kwa dhati lazima alijue hili kabla ya kupanda mche. Mwaka 1982 watafiti J. M. Bosch na J. D. Hewlett waliyapitia majaribio ya vidakio 94 duniani, ambako misitu ilikatwa au kupandwa na mito ikapimwa. Mwelekeo ulikuwa mmoja: miti ikipungua, maji ya mto kwa mwaka huongezeka, ikiongezeka, hupungua. Kwa kila asilimia 10 ya kidakio iliyobadilika, misonobari na mikaratusi ilibadilisha mtiririko kwa takriban milimita 40 kwa mwaka, miti ya mbao ngumu inayopukutisha majani milimita 25, na vichaka 10. Tena sehemu ya mvua, mara nyingi asilimia 10 hadi 30, huishia kwenye majani na kukauka bila kugusa ardhi.

Je, basi tukate misitu? Hapana kabisa. Jumla ya mwaka haiwafai watu ikija yote ndani ya siku tatu ikiwa na tope. Msitu hutandika majani makavu, hutoboa ardhi kwa mizizi na kulinda wadudu wanaochimba, na hivyo maji huingia badala ya kukimbia. Msitu ukikatwa, halafu ardhi ikakanyagwa na mifugo au kulimwa bila kinga, udongo hushindiliwa na kupoteza uwezo wa kunywa. Hapo mafuriko huongezeka na chemchemi hufifia kiangazi. Misitu ya milimani inayogubikwa na ukungu ina faida nyingine: majani hukamata matone ya ukungu na kuyadondosha chini, maji ambayo kipima mvua cha kawaida hakiyaoni.

Kwa hiyo swali la maana si "tupande au tusipande", ni mti gani, wapi, na mwingi kiasi gani. Kuzungushia chemchemi dhaifu shamba la mikaratusi ni kuikaba. Kuacha uoto wa asili urudi kwenye mteremko uliomomonyoka ni jambo jingine kabisa.

Bajeti ya maji ya kidakio inahesabiwaje?

Mvua iliyoingia ni sawa na maji yaliyorudi hewani, ukijumlisha yaliyotoka mtoni, ukijumlisha badiliko la akiba ardhini. Kwa mfano, kidakio cha kilomita za mraba 10 kikipata milimita 1,000 kwa mwaka kimepokea mita za ujazo milioni 10. Kama milimita 700 zimerudi hewani kwa uvukizi na kupitia mimea, na akiba haikubadilika, zimebaki 300, yaani mita za ujazo milioni 3. Zigawe kwa sekunde za mwaka mzima upate wastani wa lita 95 kwa sekunde. Anayeahidi kuchota lita 200 kwa sekunde mwaka mzima hapo, mwonyeshe hesabu hii.

Maji ya kisima na ya mto ni mamoja?

Mara nyingi, ndiyo. Kisima kirefu kando ya mto kikivutwa kwa nguvu, kinaweza kugeuza mwelekeo, mto ukaanza kukilisha. Kinyume chake, mito mingi ya maeneo makavu hupoteza maji kwenye mchanga wake badala ya kuyapokea.

"Mafuriko ya miaka 100" yakishatokea, tuna miaka 99 ya usalama?

Hapana. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kufikia au kupita kiwango hicho, na mwaka uliopita hauna deni kwa huu. Ndani ya miaka 30 uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Na kiwango chenyewe huhamishwa pale kidakio kinapobadilika: lami na mapaa mapya upande wa juu wa mto huongeza maji yanayokuja na kufupisha muda wa kufika.

Nifanye nini maji mengi zaidi yaingie ardhini?

Kwanza funika udongo, kwa matandazo au mimea hai, ili matone yasiutengenezee gamba. Pili, ongeza mboji na punguza kulima kupita kiasi, kwa kuwa matundu ya minyoo na mizizi iliyooza ndiyo njia kuu za maji. Tatu, usilime wala kupitisha mifugo udongo ukiwa umelowa, maana hapo ndipo unaposhindiliwa kwa urahisi. Nne, mitaro na matuta ifuate kontua, na kila mtaro uwe na mahali salama pa kumwaga ziada. Mtaro usio na njia ya kutokea hupasuka na kuchimba korongo baya kuliko lililokuwapo.

Anza kazi juu ya mteremko, si chini. Hekta moja ambayo nusu ya mvua yake inatiririka hutoa lita 50 kila sekunde mvua ikinyesha kwa kasi ya milimita 36 kwa saa. Maji ya hekta moja bado yanazuilika kwa majembe na nyasi; ya hekta 20 yakishakutana kwenye korongo ni lita 1,000 kila sekunde, na hapo utahitaji zege.